Kadi Isiyoogopa Feni

Shangazi yangu, Bi. Mwanahawa, ana kipimo chake cha harusi. Kadi ya mwaliko ikifika nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, haisomi kwanza. Anaikunjua, anaisimamisha juu ya kabati la vyombo, halafu anawasha feni. Kadi ikisimama, anakwenda harusini na doti mpya ya kanga. Ikianguka, haendi, na mtu asimbembeleze. "Kadi yenyewe haiwezi kusimama," husema, "ndoa itasimama na nini?"

Msidhani ni utani. Mtoto wa mdogo wake wa damu alioa, kadi ikalala chali, na siku ya harusi Shangazi alikaa jikoni akikuna nazi huku matarumbeta yakipita mlangoni kwake.

Sasa ilikuwa zamu yangu. Mimi Joha, msafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Barsha, Dubai, nilikuwa naolewa na Jamiru, mlinzi wa Kiganda mwenye subira ya kupika jiwe akanywa mchuzi wake. Harusi ingefanyika Tanga. Shangazi ndiye aliyenilea tangu sijaota meno. Asipokuwepo ukumbini, mimi siolewi, naandikishwa tu. Na juu ya hayo yote, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba kadi zinatoka Dubai.

Mwenye duka la uchapaji akaniambia hachapi chini ya kadi elfu moja. Nikajumlisha ukoo wangu, ukoo wa Jamiru na maadui zetu wote, hatukufika hata robo.

"Basi si tununue printa tu?" akasema Daphine. Huyu ni Mganda mwenzake Jamiru, mhudumu wa mgahawa, tunakaa naye chumba kimoja International City. "Tuchape sisi wenyewe. Halafu nikija kuolewa mimi, printa ipo."

"Unaolewa na nani?"

"Printa kwanza, nyabo. Mume atakuja."

Tukanunua manila nene kuliko zote tulizoziona, ya aina ambayo ukiigonga kwa kidole unasikia hodi. Siku ya mapumziko yetu tukaibeba mpaka kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme Al Barsha. Muuzaji wa upande wa printa alikuwa kijana wa Unguja, kibandiko kifuani kimeandikwa Nassor. Aliposikia tunaongea Kiswahili, uso ukamchanua.

"Karibuni, dada zangu. Mwatafuta nini?"

"Printa ya nyumbani," nikasema, "inayoweza kuchapa kadi nene."

"Nene kiasi gani? Gramu ngapi?"

"Isianguke mbele ya feni."

Nassor akanitazama mimi, akamtazama Daphine, akatazama dari.

"Banange, mweleze mtu vizuri," Daphine akanisukuma.

Nikamweleza habari za Shangazi, kabati na feni. Hakucheka. Alisema bibi yake wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, alikuwa akipima kadi kwa kuinusa, kwa hiyo ananielewa. Kisha akatuonyesha printa moja baada ya nyingine.

"Tazameni hapa. Hizi nyingi karatasi yaingia droo ya mbele, huku chini. Ikifika ndani yapinduka, ndo irudi kutokea mbele. Karatasi nyembamba haijali. Manila ina kiburi, haipindi mgongo. Nyie mwataka yenye tundu la nyuma, kadi iingie kwa nyuma na itoke mbele, moja kwa moja."

Lakini Daphine alikuwa ameshapenda. Alikuwa ameikumbatia printa moja nyeupe yenye kioo cha rangi kama simu, na droo yake mbele.

"Hii. Angalia inavyong'aa."

"Yang'aa, ila ina droo."

"Tujaribu moja tu, ndugu yangu. Moja tu!"

Nassor akatia manila yetu kwenye droo. Printa ikavuta pumzi. Ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, ikatikisika, ikanyamaza. Nassor akashika ncha ya kadi kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye meza, akavuta. Kadi ikatoka imejikunja marinda kama sketi ya shule. Daphine aliiachia ile printa nyeupe bila hata kuiaga.

Tukahamia kwenye ya pili, nyeusi, haina urembo wowote, ina kifuniko mgongoni. Nassor akakifunua, akasimamisha manila yetu pale nyuma. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akajaribu tena, taa ikapepesa tena.

"Dada yangu," akasema Nassor kwa upole, "hii si manila. Huu mlango."

Kama printa haitaki kadi nene, na Shangazi hataki kadi nyembamba, basi mimi naolewa bila shangazi. Nikamwambia Daphine twende zetu. Nassor akasema subirini, akarudi na pakiti za manila kutoka rafu ya pili: gramu mia mbili, mia mbili na hamsini, mia tatu. Mashine ile nyeusi ilizimeza zote kwa nyuma na kuzitema mbele bila kuguna.

"Sasa itakayosimama ni ipi?" nikauliza.

Tukatazamana sote watatu. Kisha, kama tulioambizana, tukageuka upande wa pili wa duka. Feni. Mstari mzima wa feni, za mezani na za kusimama, zote zimechomekwa kwenye umeme.

Jamani, tulikimbia. Watu wazima, katikati ya duka, tumeshika vipande vya manila. Tukakunja cha kwanza, tukakisimamisha juu ya friji ndogo, Daphine akawasha feni, kasi namba moja. Gramu mia mbili haikungoja hata salamu. Ilipaa, ikatua kwenye toroli la mama mmoja wa Kiarabu aliyevaa abaya. Akaiokota, akaniuliza kwa Kiingereza ni nini hiki. Nikamweleza huku nimejawa na aibu. Mama yule akacheka mpaka akashika friji. Akasema hata yeye anaye shangazi wa namna hiyo Sharjah, na shangazi huyo anapima wakwe kwa kahawa. Akaegesha toroli lake pembeni.

"Yalla," akasema. "Next!"

Gramu mia mbili na hamsini ikasimama namba moja, namba mbili ikaanza kuteleza, ikaanguka kifudifudi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Msimamizi wa duka akaja mbio, anauliza kuna nini.

"Wateja wajaribu feni, sir," akajibu Nassor, na hakusema uongo.

Nikaikunja gramu mia tatu. Namba moja ikasimama. Namba mbili ikasimama.

"Number three!" akaamuru yule mama.

Daphine akabonyeza huku amefumba macho. Kadi ikatetemeka, ikajinyonganyonga, ikatulia. Imesimama! Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika mpaka sehemu ya mashine za kufulia. Mama wa abaya akapiga makofi. Msimamizi naye akapiga, ingawa hakujua anapigia nini.

"Khalas," akasema Nassor. "Shangazi huyo tumempata."

Tulirudi kwa metro, halafu basi, boksi la printa likiwa kichwani kwa Daphine, kwa sababu alisema mikononi linamtia maumivu ya mgongo. Watu walipiga picha. Yeye akawapungia mkono kama bibi harusi.

Nyumbani tukafuata maelekezo ya Nassor yote. Tukaiambia printa kwamba karatasi ni nene, ili wino usisambae. Kabla ya kukunja, tukapitisha rula na kalamu iliyokwisha wino, ili mkunjo usipasuke. Kadi zilitoka moja moja, maua ya dhahabu pembeni, majina yetu katikati, na kwa kila moja Daphine alipiga makofi kama vile ni mtoto kazaliwa. Kila kadi tuliipitisha mbele ya feni ndogo ya mezani ya Daphine. Hakuna iliyoanguka. Elias, jirani yetu aliyekuwa anakwenda likizo Tanga, akazibeba ndani ya begi la mkononi baada ya kuapishwa.

Siku chache baadaye binamu yangu Ummi, anayeishi na Shangazi, akanitumia klipu kwa WhatsApp. Alikuwa ameirekodi akiwa amejificha nyuma ya pazia. Nikamwita Daphine, tukaketi kitandani, tukaitazama.

Shangazi huyo hapo, miwani puani. Anaikunjua kadi. Anaisimamisha juu ya kabati la vyombo. Anarudi nyuma hatua, anaitazama, anakwenda ukutani kwenye swichi. Kisha simu ya Ummi ikainuka kuelekea darini.

Pangaboi. La darini, mapanga matatu, la tangu enzi za babu.

Nilisahau! Nimeishi na AC miaka mpaka nikasahau kwamba kwetu upepo unatoka juu. Kadi zote tulizipima kwa upepo wa mbele.

"Yesu wangu," akasema Daphine.

Pangaboi likaanza kuzunguka. Namba moja, kadi imesimama. Namba mbili, inatetemeka, imesimama. Shangazi akaongeza, akaongeza tena, mpaka tano, maana hajawahi kumsahihishia mtu mtihani nusu. Kadi ikaruka, ikapinduka hewani, ikaingia chini ya kochi.

Daphine akanishika mkono kwa nguvu. Mimi machozi yalikuwa yameshatoka. Nilishamwona akilini mwangu Shangazi jikoni, nazi mkononi, matarumbeta yangu yakipita mlangoni.

Kwenye klipu Shangazi alilitazama kochi. Kisha akageuka, akazima pangaboi. Akainama, mkono mmoja gotini, akapapasa chini ya kochi mpaka akaipata kadi. Akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaibusu, akairudisha juu ya kabati. Imesimama wima.

Halafu akageukia chumba chote, mikono kiunoni, akafoka:

"Nani kawasha hili pangaboi? Nauliza, nani? Mnataka kuniangushia harusi ya mwanangu?"

Klipu inaishia hapo, kwa kuwa Ummi alikuwa anacheka mpaka simu ikamponyoka. Ananiambia pangaboi halijawashwa tena tangu siku ile. Shangazi anakaa mbele ya kabati, jasho linamtiririka, anajipepea kwa bahasha.