Jina la Saba Nyuma ya Kioo

Kila Machi, ratiba ya wilaya huwapa walimu wa historia wa darasa la nane siku mbili za kufundisha jinsi watumwa walivyoachwa huru na jinsi Kusini mwa Marekani ilivyojengwa upya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Siku hizo ni Jumanne na Jumatano. Alhamisi ni ziara ya maktaba, na Ijumaa inaanza sura ya reli. Jumanne hiyo Mwalimu Ernestine Polite alikuwa akiandika tarehe ubaoni wakati Bi Minda Capers alipoingia na kwenda kuketi kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha.

Bi Minda alifariki mwaka 1891. Alikuja na umri aliokuwa nao mwaka mmoja baada ya vita, miaka thelathini na miwili, miguu ikiwa na tope la shamba la pamba. Kisiwani pale, pwani ya South Carolina, watu wazima walioachwa huru walisoma darasa moja na watoto, naye hakuona sababu ya kuacha. Mlinzi wa mlangoni alimpa kibandiko cha mgeni kama kila mwaka. Mwalimu mkuu, Bwana Haskell, alikuwa na sharti moja tu, kwamba bibi huyo asihesabiwe katika wastani wa mtihani.

Shida yake ilikuwa moja. Huko kwake, alfajiri ya Alhamisi, bwana aliyewamiliki zamani angerudi. Serikali ilikuwa imemsamehe uasi wake wa vitani na kumrudishia mashamba ambayo serikali hiyohiyo ilikwisha kuwagawia waliokuwa watumwa. Angekuja na karatasi, na watu wangeitia alama ya X kwa sababu hawakujua kusoma na walikuwa wameambiwa ni karatasi ya kupokelea mbegu. Karatasi hiyo sasa iko maktaba, nyuma ya kioo. Ina majina ishirini na mawili yaliyoandikwa na karani, kila moja na X yake, na la Bi Minda ni la saba.

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Polite alimfundisha herufi. Kengele ya Jumatano ililia kila mara kabla hawajazimaliza, na Alhamisi darasa lilikwenda maktaba kuikuta X palepale. Mwaka uliofuata Bi Minda alikuja tena, amesahau kila kitu isipokuwa njia ya kuja. Mwalimu aliomba siku ya tatu mara nyingi. Aliambiwa haiwezekani, reli huulizwa kwenye mtihani.

“Mwalimu, samahani,” alisema Jakayla Mungin, ambaye huongea kwanza akanyoosha mkono baadaye. “Miaka yote hiyo unamfundisha herufi kama mtoto wa chekechea?”

“Herufi ndiyo mwanzo.”

“Mwanzo wa nini, na siku zenyewe mbili? Tumfundishe hiyo karatasi yenyewe. Mstari kwa mstari, mpaka aijue.”

“Huyu mtoto ana mdomo,” Bi Minda akasema kutoka nyuma. “Wa nani?”

“Wa kina Mungin, bibi.”

“Nilijua. Kina Mungin hata ukiwazika wanaendelea kuongea.”

Darasa likacheka, na Jakayla akacheka kuliko wote. Mwalimu Polite akaweka kando somo alilokuwa ameandaa, akachapa nakala ya karatasi ile kwa herufi kubwa. Wanafunzi wakagawana mistari. Kufikia mwisho wa Jumanne, Bi Minda aliweza kusoma kwamba waliotia sahihi watafanya kazi tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na kwamba hawatatoka shambani bila ruhusa. Jumatano walimaliza iliyobaki. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Trevon Chisolm, mtoto mpole anayesoma polepole, na kwa sababu hiyo Bi Minda aliushika vizuri kuliko mingine: asiyetia sahihi ataondoka kisiwani kabla ya jua la kesho kuzama, yeye na watoto wake.

“Mbegu ziko wapi humu?” akauliza.

“Hamna mbegu, bibi,” Trevon akajibu.

“Kumbe nilifanywa mjinga.” Akaikunja nakala, akaikunjua tena. “Basi mimi sitii alama yangu humu. Waipeleke kwa wengine.”

Jakayla alimfundisha Bi Minda kuandika jina lake, naye bibi akaliandika ubaoni mara tatu, la tatu likiwa limenyooka. Kengele ikalia. Bi Minda aliwapa mkono mmoja mmoja, akatoka. Mwalimu Polite alikwenda kujifungia chooni akalia kwa furaha, jambo ambalo hakuwa amelifanya kazini hata siku moja.

Alhamisi, nyuma ya kioo, zilikuwamo X ishirini na moja. Kwenye nafasi ya saba palikuwa na jina, limeandikwa kwa mkono uleule wa ubaoni, lakini halikunyooka.

“Alisema hatii,” Trevon akasema.

“Ana watoto wanne,” Mwalimu Polite akasema.

Husemwa kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Bi Minda alikuwa ametia sahihi mchana kweupe.

Mtunza maktaba aliwaomba wasiegemee kioo, wakarudi nyuma hatua moja.

“Zamani alitia alama akidhani ni mbegu,” Jakayla akasema. “Aliondoka pale roho yake imetulia, si ndiyo? Akija mwakani, Mwalimu, tumfundishe tena au tumwache?”

Mwalimu Polite alitazama jina lile. Basi la shule lilikuwa limeshafika, akawaambia wajipange wawili wawili.