Mama Mkwe Ndani ya Mnara

Kabla mnara ule wa taa haujasimama kwenye mwamba wake, mbali baharini ambako hata ndege hufika wamechoka, ulisimama kwanza uani kwa fundi mwashi, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Ndivyo kazi ile ilivyokuwa. Kule mwambani mawimbi hayampi mtu nafasi ya kusahihisha, kwa hiyo kila jiwe la graniti lilichongwa nchi kavu, likaumana na jirani yake kama meno. Mnara mzima ukapangwa bila saruji ili kuujaribu, mawe yakatiwa alama za rangi, ikabaki kuubomoa na kuyapakia kwenye tishari, chombo cha mizigo cha kuyapeleka mwambani.

Asubuhi ya kubomoa, fundi alikuta mlango wa mnara una pazia. Pazia lenye maua, lile la sebuleni kwake.

Akajua ni nani. Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao tangu upepo ulipoezua paa lake, na alilazwa chumba kimoja na wajukuu, ambao usiku walirusha mateke kama punda, mmoja wao akikoroma hadi alfajiri.

Mtu haingii hivihivi chumbani kwa mama mkwe. Fundi akakohoa nje.

"Kama una kifua, kunywa maji ya moto," sauti ikatoka ndani.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo. Tumekuja kuubomoa mnara."

"Marahaba. Mnabomoaje nyumba na mimi sijamaliza chai?"

Vibarua wakageuka kutazama ukuta ili wacheke vizuri.

Fundi hakucheka. Mhandisi wa bandari alikuwa amemwambia wazi kwamba bahari ikichafuka kabla tishari halijaondoka, kazi anapewa fundi mwingine. Na huyo mwingine alikuwa ameanza kupitapita getini, akiyatazama mawe kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Akamfuata mkewe jikoni. "Mama yako huyo. Kamwambie."

"Nimwambie nini? Jana usiku ndiyo mara ya kwanza nimelala bila kusikia habari za mgongo wake."

Basi wakaanza juu, polepole, kwa winchi. Walipoondoa jiwe la kwanza, jua likaingia ndani, na kichwa chenye kilemba kikajitokeza dirishani.

"Mkwe, mmenitolea dari. Haidhuru. Mvua ikinyesha nitakuja kulala kwenu, hapo katikati yenu."

"Rudisheni jiwe," fundi akasema.

Wakarudisha. Kesho yake wakalitoa, mawingu yakatanda, wakalirudisha. Vibarua wakasema hawajapata kuona jiwe linalosafiri sana hivyo bila kwenda popote.

Mhandisi akaja mwenyewe, amekasirika, viatu vinang'aa. "Nyinyi mnamwogopa bibi kizee," akasema, akaingia. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika beseni.

"Ameniuliza kama nimekula," akasema kwa aibu. "Halafu akanituma maji."

Fundi akaona kazi inamponyoka mikononi. Akaketi chini nje ya pazia, heshima kaishika, lakini kuzungukazunguka kakuacha.

"Mama, mnara huu usipofika baharini, mimi sina kazi. Nisipokuwa na kazi, nyumba ya kupanga inanishinda. Ikinishinda, tutahamia humu kwako sote."

"Sote akina nani?"

"Mimi, mwanao, na watoto."

"Na yule anayekoroma?"

"Huyo hawezi kubaki nyuma, mama."

Pazia likasogea kidogo. "Huko mnakoupeleka kuna watoto?"

"Hakuna."

"Majirani?"

"Samaki tu. Na wimbi likipiga, husikii hata mtu akikuita."

"Sasa mwanangu, siku zote hizi unakohoa hapo nje, kwa nini hukuanza na hilo?"

Mhandisi akaweka beseni chini. Alikuwa ametafuta mtunza taa karibu mwaka mzima, na kila aliyeelezwa upweke wa kule alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani.

"Mama, unaweza kuwasha taa kila jioni?" akauliza.

"Nimeziwasha maisha yangu yote, na hakuna aliyenilipa."

Mnara ukashuka kabla jua halijakuchwa. Fundi mwingine alichungulia getini, akaona uwanja mtupu, akaenda zake. Tishari lilipojaa, bahari ingali shwari, mama mkwe alipanda wa kwanza, akakalia jiwe la kizingiti, pazia mapajani. Wajukuu wakapanga mstari ukingoni wakilia kwamba wanataka kwenda na bibi.

Bibi akawapungia mkono kwa upendo, kisha akamgeukia nahodha.

"Baba, ondoa chombo," akamnong'oneza, "kabla hawajajifunza kuogelea."