Jagi la Asubuhi

Mke wangu Lilian alipofariki mwezi wa pili, aliniachia ua moja la kutambaa. Alilipanda kwenye kopo la rangi, akaliweka juu ya kabati la vyombo, na kwa miaka minne likatambaa juu ya pazia mpaka likaizunguka televisheni. Ni ua lisilo na makuu. Halitaki jua kali wala mbolea. Ukilimwagia kikombe kimoja kwa wiki, udongo ukishakauka, limeridhika. Hata mimi niliweza kulitunza, mimi ninayeunguza mpaka chai.

Kisha mama mkwe akashuka kutoka kijijini Akheri kuja kunipikia hapa mjini, Sekei. Ana shamba la kahawa na migomba, na sijasikia mmea uliowahi kumshinda. Siku ya kwanza alilitazama lile ua, akasema, "Maskini, lina kiu." Akalimiminia jagi zima. Kesho yake jagi zima. Kila asubuhi baada ya sala, jagi zima.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Nikikohoa tu, wanafunzi mia nane wananyamaza. Lakini kwetu Meru mama mkwe hakosolewi. Hata kumtazama usoni ni kazi. Nilipokuwa na neno kwake, Lilian ndiye aliyelipeleka, tena akililainisha njiani. Sasa nani angelipeleka? Nilimeza hasira pamoja na ndizi zake, na ndizi zenyewe, mbaya zaidi, zilikuwa tamu.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Alipoyaona, akaongeza jagi la jioni. Nilitoboa kopo kwa msumari. Akaweka beseni chini, na maji yaliyochuruzika akayarudisha juu. Anna, mwalimu mwenzangu, aliniambia nikate kipande chenye kifundo nikiweke kwenye chupa ya maji, kitatoa mizizi. Nilishika mkasi mara mbili. Sikuweza kukata alichokiacha mke wangu, nikajidanganya kwamba bado kuna muda.

Jumamosi moja nilikuta shina limelainika, jeusi, linanuka. Machozi ya hasira yalinitoka. Nikamfuata jikoni, macho sakafuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, naomba unisamehe. Lile ua, maji yanaliua. Linaoza. Naomba tuache kulimwagilia."

Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Hata daktari alisema hivyo hivyo," akasema. "Figo za Lilian zimefeli, Mama, maji yatamuua, usimpe. Wiki ile uliyokuwa unasimamia mitihani, nilikaa naye mimi. Aliniomba maji, baba. Aliniomba kama alivyokuwa akiniomba akiwa mdogo. Nikatii, nikamlowesha midomo kwa kitambaa tu. Akafa na kiu, na maji yalikuwa hapo mezani."

Nilikuwa sijui. Nilitaka kumwambia kwamba daktari alikuwa sahihi, kwamba hakumkosea mtoto wake. Yote hayo ni kweli, na sikuona ni lipi lingemsaidia.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akageuka huku na huku akitafuta jagi. Nikalichukua mimi, nikalijaza, nikampa kwa mikono miwili.