Samaki Mbichi wa Buakham

Khamsing aliwabwaga samaki mbele ya mkewe, mikia ingali ikipigapiga udongo. "Mama watoto, nitengenezee kama zamani. Wabichi. Keshokutwa napasuliwa ini."

Buakham akashika kisu, akaanza kukatakata. Mikono ilijua kazi yake. Enzi hizo, siku za mavuno, watu walimzunguka kando ya shamba la mpunga: samaki wa bwawani, pilipili, nanaa, unga wa mchele wa kukaanga, sisimizi wekundu wa kutia uchachu. Akikamua ndimu na nyama ikageuka nyeupe, baba yake hupiga kelele, "Imeiva hiyo!" Kisha gongo ya mchele juu yake, kuzika minyoo waliosalia. Khamsing anadai bakuli lile ndilo lililomleta kuposa. Buakham anaamini alifuata gongo.

Baba alikufa macho yakiwa ya manjano kama bizari. Wakasema karogwa. Samaki hakushukiwa na mtu. Mpaka alipokuja daktari wa kutoka mji wa Khon Kaen na mashine yake ya kuchungulia matumbo, akawaambia ndimu hugeuza rangi tu. Mnyoo hafi ila kwa moto, na akikaa miaka na miaka kwenye njia za nyongo, huzaa saratani.

"Mimi nimeshameza vidonge," Khamsing alisema. "Minyoo wote wamekufa."

"Sasa unawaalikia wenzao matanga?"

"Umekuwa daktari lini, we mwanamke? Na kama hii ndiyo mara yangu ya mwisho?"

Buakham akaokota ndimu. Mate yalimjaa naye, ndimu i mkononi. Kumnyima mume buriani yake si jambo dogo.

"Ya mwisho sikupikii," akasema hatimaye. "Mimi nampikia mtu wa kupanda mpunga mvua zikija." Akamimina nyama yote chunguni, moto ukinguruma.

Khamsing alinuna, akaupa ukuta uso. Njaa ikamgeuza. Akaonja. "Chakula cha hospitali hiki."

"Zoea basi, si ndiko uendako?"

Kicheko kikamponyoka Khamsing. Akamega wali wa kunata, akachovya, akaanza kumwigiza baba mkwe na kelele zake, hadi Buakham akafuta macho kwa kanga ya kiunoni. Hakikuwa kitamu kama cha zamani, wala hakuna aliyejifanya ni kitamu. Walikula mpaka mifupa.