Wageni wa Mtaroni

Kwa miaka sita mama yake Springi aliwaambia majirani kuwa bintiye anafanya kazi ofisini. Ofisi gani, hasemi. Angeanzaje kueleza kwamba mtoto aliyemsomesha mpaka mgongo ukapinda anaamka asubuhi kwenda kujiviringisha sakafuni na watu wazima wenzake? Hata hilo jina la Springi, alilopewa na wenzake wa kundi la dansi, mama hakulitamka hata siku moja.

Sasa kundi lilikuwa limeandaa onyesho kuhusu mtaro ulioziba nyuma ya nyumba ya mama, ule ule unaofurika kila mvua ikinyesha. Wangecheza humo humo mtaroni. Ngoma hawana, spika hawana. Muziki ulikuwa zile chupa za plastiki zilizouziba mtaro, zikikanyagwa, kra, kra-kra, na kila hatua waliipima kwa mlio huo miezi mitatu mizima.

"Mama, Jumamosi njoo unione," Springi aliomba. "Wageni watakuja wengi."

"Nitakuja."

Springi nusura alie kwa furaha, maana mama hakuwahi kuja kumwona akicheza.

Kumbe mama alishika neno moja tu: wageni. Jumamosi mchana kundi lilipofika na mikeka ya watazamaji, mtaro ulikuwa umekwanguliwa mpaka sakafu inang'aa. Pembeni magunia kumi na manane yamefungwa vizuri, na mama na jirani yake, fundi cherehani, wamekaa ukutani wakikanda viuno.

"Mama! Umefanya nini?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona na uvundo ule? Aibu yako si yangu?"

Springi akayatazama magunia. Imebaki saa moja, hatua zote ziko tayari, muziki umo maguniani! Siku moja tu mama amekubali kumwona, na ataona nini? Watu wanayumba kama walevi.

"Mwageni," akawaambia wenzake. "Rudisheni vyote."

Mmoja akashika gunia. Mama akashuka ukutani, mikono imechubuka, akasimama mbele ya magunia yake.

"Yaani mnauchafua mtaro ili muwaambie watu wasiuchafue? Hebu nieleweshe, mwanangu, mimi sikusoma sana."

Aliyeshika gunia akapasuka kwa kicheko. Springi alitaka kukasirika, hasira zikagoma, akacheka mpaka akakaa chini.

Wakacheza hivyo hivyo, bila mlio. Mwanzo ulikuwa aibu tupu: mmoja kaenda kushoto, wenzake kulia, watu wameanza kukohoa. Springi akafumba macho. Ndipo aliposikia kitu ambacho hawakuwahi kukisikia katika mazoezi yote, maji. Yalikuwa yakipita kwenye nyayo zake, polepole, yanajua yanakokwenda. Akayafuata, na wenzake wakamfuata yeye. Hata watoto walinyamaza.

Ukutani, fundi cherehani akampiga mama kiwiko. "Yule wa mbele si binti yako? Si ulisema yuko ofisini?"

Mama hakuondoa macho mtaroni.

"Springi wangu huyo," akasema, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Na ofisi yenyewe ndiyo hiyo. Leo asubuhi nimeifagia kwa mkono wangu."