Salamu za Dirishani

Alamin alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa salamu. Alipopita na lori lake la unga kati ya Lanet na mjini Nakuru, hakuachwa mtu: wachunga ng'ombe, mafundi wa reli, akina mama wenye kuni mgongoni. Alitoa kichwa dirishani, kisha bega, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za yule mbuzi aliyekuwa akiumwa, na shingo ikazidi kugeuka huku lori likijiendea. Watu walimpenda sana, ila walimpendea mtaroni, maana huko ndiko walikokimbilia lori lake lilipotokea.

Siku hiyo ya mwaka 1957, aliyekuwa kando ya barabara ni Bi Kuluthum, mama yake Ladan. Na Ladan alikuwa aolewe na Alamin Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sasa mama mkwe utampitaje kimya? Alamin alitoa nusu ya mwili nje, akapaza sauti, "Shikamoo, mama!" Lori nalo likafuata macho ya bwana wake.

Bi Kuluthum aliruka mtaroni na kikapu chake cha mayai. "Marahaba!" alijibu akiwa hukohuko chini, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu. Kisha akainuka, ute wa mayai ukimtiririka kwenye buibui. "Mdomo unaniamkia, gurudumu linanizika! Ndoa hakuna!"

Alamin alikosa usingizi, akakosa hata hamu ya pilau. Alimpenda Ladan mpaka akajionea aibu. Akamtuma rafiki yake Ogola, fundi wa reli, akambembeleze mama. Ogola akarudi na sharti: Bi Kuluthum atapanda lori kutoka Lanet hadi Bondeni mjini, na Alamin akimgeukia mtu hata mara moja, posa imevunjika.

Mji ukapata habari, na mji ule unapenda mzaha. Asubuhi ya safari watu walijipanga barabarani wakimngoja kwa hamu.

"Alamin! Yule mbuzi amepona, bwana!"

"Hata salamu leo hakuna? Umekuwa mkubwa sana, eh?"

Ogola mwenyewe, rafiki gani huyo, alisimama juu ya pipa akipiga kelele, "Kwani mimi nimekukosea nini?"

Masikio ya Alamin yaliwaka moto, lakini shingo ilikaza. Miaka yote alikuwa akiziona nyuso za watu. Leo aliiona miguu yao. Lo, ilikuwa mingi! Baiskeli, watoto wa shule, wazee wanaovuka bila haraka. Mungu ndiye aliyekuwa akiwalinda peke yake, na Alamin aliona haya kwa kumchosha hivyo.

Walipokaribia soko la Bondeni, Bi Kuluthum alilainika. "Alamin, mwanangu, nimeridhika," alisema polepole. "Ladan ni wako. Ijumaa unamtaka, au humtaki?"

Moyo ulimruka. Alitamani kumgeukia, ambusu mikono. Lakini mbele yake Naliaka, muuza mboga wa pale sokoni, alikuwa anaingia barabarani na debe la maji kichwani.

"Nauliza, unamtaka?"

Alamin alikaza macho kwenye lile debe.

"Loo! Mtoto wa watu unamnyamazia?"

Alamin alikanyaga breki. Magurudumu yalilia, lori likasimama hatua chache kutoka kwa Naliaka, naye akageuka akakodoa macho, akashika debe kwa mikono miwili, akamalizia kuvuka.

Bi Kuluthum alikuwa ameshika kifua. Alamin alisogeza lori pembeni taratibu, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Ndipo akageuka, kwa mara ya kwanza tangu Lanet, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja.

"Namtaka, mama," alisema. "Namtaka sana."

Kigelegele alichopiga Bi Kuluthum ndani ya lori lile kilisikika soko zima.