Siku Ambayo Lango la Velibor Halifungwi

Lango lilikuwa wazi, mbwa amefungwa, na mlangoni pa nyumba bakuli la ngano tamu ya kuchemsha lilitungoja na vijiko vyake. Mwaka mzima lango lile hufungukia magari tu. Lakini siku ya mtakatifu wa nyumba, ambayo kwetu kila familia ina yake, haalikwi mtu wala hafukuzwi mtu; ajaye ndiye mgeni, na mwenye nyumba humhudumia akiwa amesimama mpaka wa mwisho aondoke. Hata tajiri Velibor, aliyezoea kutusimamisha sisi, hilo hakuweza kulibadilisha.

Nilikuwa na binti yangu Jagoda. Nyuma yetu walikuja wanawake anaofanya nao kazi katika kiwanda cha soksi cha Velibor, wamevaa nguo za kanisani.

Tangu theluji ilipoyeyuka, msimamizi wao Miodrag alikuwa akimbana Jagoda kwenye stoo ya nyuzi, akimshika kiuno na kumwambia kwamba zamu nzuri zina bei yake. Jagoda akaandika malalamiko. Taratibu zilizobandikwa ukutani zilisema malalamiko yote yapelekwe kwa msimamizi wa sehemu, na msimamizi wa sehemu alikuwa Miodrag. Aliyasoma kwa sauti mbele ya watu, akamsifu kwa mwandiko mzuri. Kila alipokwenda ofisini kwa tajiri, katibu alimrudisha akafuate taratibu. Mwishowe akaambiwa kwamba mkataba wake hautaendelezwa.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Ninachojua ni kwamba wakubwa hutengeneza milango mingi ili usiingie hata mmoja. Mke wangu Persida alifanya kazi kwenye vumbi la nyuzi zile hadi mapafu yakamwisha, na walichotuma mazishini ni shada la maua lenye jina la kiwanda kubwa kuliko jina lake. Tangu nimzike sikuwa nimewasha mshumaa wa mtakatifu wetu. Langu lango nililifunga.

Mwanasheria wa chama cha wafanyakazi alitueleza kwa maneno mepesi: tajiri akijua kisha akanyamaza, kosa ni lake pia, na atalipa. Ila atasema hakujua. Ilitubidi tumfikishie neno mbele ya watu. Ruža, mkongwe wa mashine, aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti, akasema, "Jumapili si Mtakatifu Luka? Mimi nina hamu ya ngano ya Velibor."

Basi tukala ngano, kijiko kimoja kimoja, tukafanya ishara ya msalaba, tukaingia. Ndani walikaa padri Gavrilo, ndugu wa tajiri na, mwisho wa meza, Miodrag. Velibor alitukaribisha kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Tulisikia baadaye kwamba wakili wake alimkataza hata kusalimiana na Jagoda njiani. Lakini kufunga lango siku ile ni aibu ambayo wajukuu wake wangeirithi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote: Persida, mapafu, shada. Nikainuka. Jagoda akanivuta mkono wa koti.

"Kaa, Baba. Hili ni langu."

Nikakaa, na kukaa kule kuliniuma. Miaka yote nilidhani ndani ya nyumba yetu kuna uchungu mmoja tu, nao ni wangu.

"Tajiri Velibor, mtakatifu wako akulinde," alisema Jagoda. "Miodrag yule pale amekuwa akinishika bila ridhaa yangu. Nimekuja ofisini kwako, nikarudishwa. Sasa umesikia."

Miodrag akacheka. "Mmeona? Glasi moja tu, imeshampanda."

"Mimi sijanywa," akasema Ruža. "Na mimi ulinishika, kabla nyonga hii haijazeeka."

Akafuata mwingine, na mwingine. Velibor alinong'ona kwamba hayo ni mambo ya kazini. Alikuwa na chupa mkononi. Kukaa hawezi, kuondoka hawezi. Ndipo mkewe alipoinuka, akaizunguka meza, akaiondoa sahani ya Miodrag ikiwa bado na nyama.

Wiki zikapita, Velibor hakuchukua hatua yoyote, basi tukamshtaki. Mahakamani wakili wake alidai mteja wake hakuwahi kufahamishwa. Padri Gavrilo akaitwa. "Alifahamishwa," akasema, "na mimi nilikuwa nangoja anijazie glasi." Hata hakimu aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

Kiwanda kililipa. Miodrag alitolewa, Jagoda akarudi kwenye mashine yake, na karatasi ile ya ukutani ikabanduliwa. Sasa malalamiko hupokewa na kamati, na ndani ya kamati yumo Ruža na mbegu zake. Sijawasamehe wakubwa, walitenda haki baada ya kubanwa tu. Lakini siku ile ya hukumu nilirudi nyumbani kwa miguu, na mlima sikuusikia.

Majira ya baridi yaliyofuata, siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wetu, niliwasha mshumaa mbele ya picha ya Persida. Nikachemsha ngano mwenyewe. Nikasukuma theluji pembeni kwa koleo, nikaliacha lango wazi.

Walijaa hadi jikoni. Ruža alitafuna kijiko cha ngano yangu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nilitegemea wageni au farasi. Jagoda akanivutia kiti.

"Kaa, Baba, umechoka."

Nilichukua chupa. Nje, viatu vingine vilikuwa vikikung'utwa theluji.

"Leo sikai," nikamwambia.